Chupa Niliyomficha Mume Wangu

*Yeye ni mfamasia. Bibi yangu ni mganga wa mitishamba wa Kashozi. Mimi nilikuwa katikati yao, na mimba ya miezi saba.*

"Kuna dawa yoyote umekunywa?"

Daktari aliuliza mara ya kwanza, nikasema hapana. Akauliza mara ya pili huku akinipima, nikasema hapana. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni, ameshika mkoba wangu, na kichwa anatikisa kama mtu anayenithibitishia: huyu mke wangu hanywi hata panadol bila kuniuliza.

Ilikuwa saa nane ya usiku, mwaka 2021. Tumbo lilikuwa linakaza, linaachia, linakaza tena. Mimba ilikuwa ya wiki thelathini. Mara ya tatu daktari hakuuliza kwa sauti. Alimwomba mume wangu atoke nje kidogo, akavuta kiti, akaniambia taratibu: "Dada, mimi siyo polisi. Nataka kujua tu nini kiko ndani ya mwili wako, ili nikikupa dawa yangu isigombane na yako."

Ndipo nikasema. Kuna chupa. Iko kwenye kabati la nguo, nyuma ya mikoba. Nimekunywa siku nne.

"Ndani yake kuna nini?"

Sikujua. Jamani, mimi mwenye digrii yangu, ninayesahihisha makala za watu na kuwauliza "chanzo chako ni nani?", nilikuwa nimekunywa kitu siku nne na sikujua jina lake.

"Dawa ya uzazi"

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Kwetu ni Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba. Bibi yangu mzaa mama anajulikana pale kwa mitishamba na hasa kwa mafuta yake. Alifundishwa na mama yake, naye alifundishwa na shangazi yake. Ukihesabu ni vizazi vitatu, na hapo nahesabu wale tu ambao majina yao bado yanakumbukwa.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mama alinipigia simu: "Bibi yako amekutumia dawa ya uzazi. Inakuja na basi." Mzigo ulipita mikono ya watu watatu kabla ya kunifikia Dar es Salaam. Ndani ya mfuko kulikuwa na kikopo cha mafuta na chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji ya kunywa, sasa imejaa unga wa rangi ya kahawia. Hapakuwa na karatasi wala maelezo.

Dawa ya uzazi. Mimi nina mimba, kwa hiyo ni dawa ya mimba, siyo? Kipimo nilijipangia mwenyewe: kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto, jioni, kabla mume wangu hajarudi kazini.

Kwa nini nilimficha? Kwa sababu namjua. Ni Mchaga wa watu, mpole, lakini kwenye suala la dawa ni mkali kama sheria. Angesoma chupa ile akakuta haina lebo, haina tarehe, haina kipimo, na ingeishia kwenye sinki. Na mimi ningesikia amemwaga ukoo wangu wote kwenye sinki. Basi nikaona heri nikwepe ugomvi. Wangapi kati yetu tunaendesha ndoa hivyo hivyo? Siyo uongo, eti. Hatusemi tu.

Nilikaa hospitali siku tatu. Tumbo likatulia. Daktari alikuwa mwungwana: hakusema chupa ndiyo iliyosababisha. Alisema hawezi kujua, kwa sababu hajui ndani yake kuna nini. Alichoeleza ni kwamba ipo mimea inayokaza mfuko wa uzazi, na ikitumika wakati usio wake inaweza kuleta uchungu kabla ya siku, au kukaza kwa nguvu kupita kiasi mpaka mfuko ukapasuka.

Mume wangu hakunigombeza. Aliendesha gari kutoka hospitali hadi nyumbani bila kuwasha redio. Tulipofika akasema neno moja tu: "Kumbe mimi ni mtu wa kufichwa." Weee! Afadhali angepiga kelele.

Kumbe tunalipia ya wenzetu

Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba miezi michache kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa amenilipia kukandwa mwili kwenye saluni moja ya kisasa mjini. Taa hafifu, muziki wa filimbi, taulo nyeupe. Kijitabu chao kilijisifu kwamba mafuta yao ni ya Ayurveda, urithi wa familia moja ya Kerala, kusini mwa India, kutoka kizazi hadi kizazi.

Na Ayurveda siyo mchezo. Ni mfumo wa tiba wenye vitabu vya tangu zama za kale, na huko Kerala zipo koo za waganga ambazo zimerithishana elimu hiyo kwa karne nyingi. Kukanda mwili kwa mafuta ya moto, mara nyingi ya ufuta yaliyochemshwa na mimea, ni nguzo mojawapo. Wenzetu wamefika mbali: India ina vyuo vikuu vinavyotoa shahada ya Ayurveda, masomo ya miaka mitano na nusu, na tangu mwaka 2014 wana wizara kamili inayosimamia tiba za asili.

Lakini hata huko si kila chupa ni salama. Mwaka 2008 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti. Karibu moja kati ya kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. "Asili" ni neno tamu, ila haliondoi sumu.

Nilipokuwa nimelala nyumbani, nimekatazwa hata kufagia, nikawaza: pale saluni nililala kifudifudi na kumwamini mtu nisiyemjua kwa sababu ya kijitabu. Ya bibi yangu nikainywa kwa siri kama mwizi. Yote mawili sikuuliza swali hata moja.

Safari ya Kashozi

Binti yetu alizaliwa salama, wiki ya thelathini na nane. Alipofikisha miezi sita, mume wangu ndiye aliyesema: "Twende kwa bibi. Nataka kumuuliza mwenyewe."

Nikajua kimenuka.

Tulishuka Bukoba, kwenye ule uwanja wa ndege ulio ukingoni kabisa mwa ziwa, tukapanda gari kuelekea Kashozi. Kama hujafika, fikiria migomba. Migomba kulia, migomba kushoto, na chini yake kahawa, maharage, na nyumba zilizojificha humo humo. Kila familia ina kibanja chake, na mpakani mwa vibanja kumeota mmea mrefu wenye majani kama panga, unaoitwa omulamula. Jina linatokana na kuamua kesi. Ukiota pale, umekwisha kusema: changu kinaishia hapa, chako kinaanzia pale.

Kashozi ni pa zamani kwenye habari za Kanisa. Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, walifungua misheni yao pale mwaka 1892. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuvaa kofia nyekundu, alizikwa Kashozi alipofariki mwaka 1997, hadi mwaka 2012 mwili wake ulipohamishiwa kanisa kuu la Bukoba. Kwa hiyo bibi yangu ni Mkatoliki wa rozari na misa ya asubuhi. Ukimwita omufumu, yule mganga wa kupiga ramli, anakasirika kweli. "Mimi sipigi ramli. Mimi najua majani."

Tukapiga magoti kumsalimia. Akaleta kahawa ya kutafuna, kama desturi. Mchaga wangu akaitafuna kwa heshima, uso umekunjamana kama kameza msumari. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi. Barafu, nikasema moyoni, imeanza kuyeyuka.

Kisha mume wangu akatoa ile chupa kutoka kwenye mkoba. Kumbe alikuwa ameitunza muda wote.

"Bibi, shikamoo tena. Naomba unielimishe. Hii ni dawa ya nini?"

Bibi akaifungua, akanusa, akanitazama mimi. "Hii ni ya baada ya kuzaa. Ya kukaza tumbo lirudi. Nani alikwambia uinywe na mimba?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Dawa ya uzazi: kwake ilikuwa ya mzazi, mwanamke aliyekwisha kujifungua. Maneno yalitoka kwa Kihaya mdomoni mwake, yakapita kwa jirani, yakapita kwa mama kwa Kiswahili cha haraka cha simu, yakanifikia yamekatika mkia. Dawa ilisafiri, maelezo yakabaki Kashozi.

Bibi hakujitetea. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Kosa ni langu. Mama yangu hakuwahi kumpa mtu dawa asiyemwona kwa macho. Mimi nimeituma kwenye basi kama ndizi."

Jani chungu

Siku iliyofuata akatuzungusha kibanjani. Mume wangu na daftari, mimi na mtoto mgongoni.

Akatuonyesha omubilizi, kichaka chenye majani machungu ambacho kila Mhaya anakijua. Wanasayansi wanakiita *Vernonia amygdalina*. Mume wangu akasimama ghafla. "Hii naijua! Hii ndiyo ya sokwe!"

Akaeleza, na mimi nikatafsiri. Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na mzee Mohamedi Seifu Kalunde walimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, hali vizuri, analala tu. Akaenda kwenye mti huo huo, akamenya tawi, akatafuna kiini chake kichungu na kutema makapi. Kesho yake akawa na nguvu tena. Mzee Kalunde, Mtongwe, alishangaa kwa sababu sokwe kwa kawaida hawali mti ule, na kwa Watongwe ulikuwa dawa. Yeye mwenyewe alitoka kwenye ukoo wa waganga. Babu yake alijifunza dawa moja kwa kumwangalia nungunungu mgonjwa akichimba mzizi wa mmea fulani na kuula.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wazungu wamejifunza kwa sokwe," akasema. "Wangekuja hapa ningewapa na chai."

Kusema kweli, watafiti walikuja, tena wa kwetu. Mwaka 2009 kundi la wataalamu wakiongozwa na Profesa Mainen Moshi wa Muhimbili walichapisha matokeo ya kazi yao kwa waganga wa Bugabo, huko huko kaskazini mwa Bukoba. Waliorodhesha mimea 94. Malaria ndiyo iliyokuwa na mimea mingi zaidi ya kuitibu, magonjwa ya ngozi yakafuata. Baadaye walikwenda Katoro, na Kikuku kule Muleba. Yaani elimu hii ipo, na imeanza kuandikwa. Kuiandika hakuthibitishi kwamba kila mmea unaponya. Ni mwanzo wa kuuliza vizuri.

"Hii siyo yangu"

Mafuta ndiyo yaliyomfanya ajulikane. Anatumia samli ya ng'ombe au mafuta ya nyonyo, anayapasha moto mdogo pamoja na majani, anachuja kwa kitambaa. Anakanda wazazi, wazee wenye maumivu ya viungo, watoto wenye ngozi kavu. Mikono yake ni mikubwa kuliko mwili wake. Alinikanda mgongo siku ile nikalala kama mtoto.

Mume wangu akamuuliza swali la kifamasia: "Bibi, ni ugonjwa gani usioutibu?"

Nilidhani atajitapa. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mama mjamzito anayevuja damu, hospitali. Mtoto mwenye homa na degedege, hospitali. Jeraha linalonuka, hospitali. Mtu anayepungua na kukohoa, hospitali. "Mama yangu alinifundisha kwanza zile za kukataa, ndipo akanifundisha za kutibu. Kama omulamula pale. Changu kinaishia hapa."

Halafu akatueleza miaka ya themanini. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walitoka mkoa huu wa Kagera, mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujajulikana vizuri, watu wa huku waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo. Walikuja kwake wengi, vijana wazuri, wamebaki mifupa.

"Walitaka dawa. Nikawaambia sina. Waganga wengine waliwauzia, wakauza ng'ombe, wakauza vibanja. Mimi nilikuwa nawaogesha, nawapaka mafuta. Basi. Watu walikuwa wanaogopa hata kuwagusa."

Mume wangu alifunga daftari. Sikuwahi kumwona akimtazama mtu vile.

Nikakumbuka Loliondo, mwaka 2011, nchi nzima ilivyofoleni kwa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile, na wagonjwa walioacha dawa zao njiani. Mganga anayesema "natibu kila kitu" anavutia kuliko anayesema "hii siyo yangu". Lakini ni yupi ungempa mtoto wako?

Nani atarithi?

Mama yangu ndiye aliyepaswa kurithi. Alikataa. Alikuwa mwalimu, na kwa wasomi wa wakati wake majani yalikuwa mambo ya kizamani. Simlaumu. Mimi naye najua kuhariri tu. Siwezi kutofautisha omubilizi na mchicha pori.

Kwa mshangao wetu sote, aliyeuliza maswali siku tatu mfululizo alikuwa mkwe. Jani au mzizi? La kupaka au la kunywa? Kiasi gani? Nani asiguse? Bibi alimjibu yote, isipokuwa dawa mbili. Hizo alisema atamwambia mtu atakayekaa naye mwaka mzima, asiye na haraka. Kuna binamu yangu, muuguzi, ameanza kwenda kila likizo. Tunaomba Mungu. Tangu mwaka 2002 kuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na Baraza la kusajili waganga, kwa hiyo akitaka kuifanya kazi hii kwa uwazi njia ipo.

Kwenu wawili

Haya ndiyo tuliyokubaliana nyumbani kwetu. Labda yatawafaa na ninyi:

• *Hakuna chupa ya siri.* Kinachoingia mwilini mwa mmoja, mwenzake anajua. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

• *Sema kliniki hata usipoulizwa.* Mitishamba inaweza kugongana na dawa za presha, kisukari au ARV. Nesi hawezi kukisia.

• *Mjamzito asinywe mtishamba wowote bila daktari wake kujua.* Hata ukitoka kwa mtu anayekupenda.

• *Kupaka si sawa na kunywa, lakini nako kuna utaratibu.* Jaribu kidogo mkononi kwanza, subiri siku moja. Mtoto mchanga usimtie mafuta kitovuni, puani wala machoni. Na aina ya mafuta ina maana: utafiti wa Dhaka, Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2005, uliona watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi machache zaidi.

• *Usidharau ukoo wa mwenzako.* Ukiuliza kwa heshima utajibiwa. Ukidharau, utafichwa.

Kikopo

Mwezi uliofuata kikopo kingine kilifika kwa basi. Safari hii bibi alipiga simu mwenyewe, akaongea na mkwe wake dakika ishirini, huku binamu yangu akitafsiri upande wa pili.

Jioni ile nilimkuta mume wangu mezani na kalamu na zile lebo nyeupe za kazini kwao. Aliandika jina la majani, tarehe, jina la bibi. Chini yake, kwa herufi kubwa na mstari mara mbili, akaandika: YA KUPAKA. SI YA KUNYWA.

Kisha akamkalisha binti yetu mapajani, akafungua kikopo, akaniambia: "Haya, nionyeshe bibi alivyokuwa anafanya mikono."